Mitscher, rubani namba 33 aliyewasha taa

Ukiangalia picha za Marc Mitscher, admirali wa jeshi la majini la Marekani, za mwaka 1944 huwezi kudhani huyu ndo mtu aliyekuwa na meli 15 za kubeba ndege chini yake. Mzee mwembamba kupita kiasi, uso umekunjamana kwa jua na chumvi, kichwani kepu yenye mdomo mrefu, na amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka huku amegeukia nyuma ya meli. Siku zote alikaa hivo. Meli ya ndege ikitaka kurusha ndege inabidi ielekee upepo unakotoka na ikimbie kwelikweli, sasa ukikaa umetazama mbele upepo wote unakupiga usoni, yeye aliona hilo ni jambo la kipumbavu, halafu pia ndege zinarudi na kutua kwa kutokea nyuma, kwahiyo vijana wake alikuwa anawaona mmoja mmoja wakiingia. Na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana, watu ilibidi wasogee ndo wamsikie.

Nimesoma habari za maadmirali wengi wa Vita ya Pili ya Dunia na huyu ndo narudi kwake kila mara. Kuna amri moja aliyoitoa usiku wa tarehe 20 Juni 1944 ambayo watu huisimulia kama vile ilimjia tu pale pale kwa moyo mzuri. Mi sioni hivo. Naona ile amri ilichukua miaka 25 kutengenezwa, na mafuta ya ndege ndo yaliyoitengeneza, na ili niseme ninachotaka kusema lazima nianzie mbali kidogo.

Alizaliwa Januari 1887 huko Hillsboro, Wisconsin, lakini alikulia Oklahoma kwasababu baba yake alikimbilia kule mwaka 1889 ardhi ilipofunguliwa, na baba huyo akaja kuwa meya wa Oklahoma City. Mtoto akapelekwa chuo cha maofisa wa majini pale Annapolis mwaka 1904. Alikuwa mwanafunzi mbovu, hilo halina kificho, alama za chini, makosa ya nidhamu yamejaa kwenye faili, na 1906 akalazimishwa kujiuzulu. Baba akahangaika akapata nafasi nyingine kwa ajili yake, ila kwa sharti kwamba anaanza upya mwaka wa kwanza kana kwamba hajawahi kukanyaga pale. Akakubali. Alimaliza 1910 akiwa wa 113 kati ya 131. Jina la utani alilopewa huko, Pete, lilibaki naye mpaka kufa.

Toka alipomaliza alikuwa anaomba kwenda kwenye ndege, na anakataliwa. Miaka ile ndege kwa jeshi la majini ilikuwa kitu cha pembeni, wakubwa wote walikuwa watu wa mizinga, cheo kilipatikana kwenye manowari kubwa, na kijana aliyetaka kuruka alionekana anajiharibia kazi mwenyewe. Mwaka 1915 ndo akapata, akaenda kujifunza Pensacola, na tarehe 2 Juni 1916 akawa rubani namba 33 wa jeshi la majini la Marekani. Hebu ifikirie hiyo namba. Marubani wote wa majini wa nchi nzima waliokuwa wamepata beji kabla yake, unaweza kuwapakia kwenye daladala moja na wakaenea.

Sasa njoo Mei 1919. Jeshi la majini linataka kuvuka Atlantiki kwa ndege, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya. Zikapangwa ndege tatu kubwa zinazotua majini, NC-1, NC-3 na NC-4, kila moja ina injini nne, mabawa kama mita 38 toka ncha mpaka ncha, na marubani wanakaa wazi kabisa upepo unawachapa. Mitscher alikuwa mmoja wa marubani wa NC-1. Na hapa ndo pana kitu ambacho nadhani watu wanakipita haraka, kutoka Newfoundland mpaka visiwa vya Azores jeshi lilipanga manowari baharini kila baada ya maili 50 hivi, na kazi ya meli hizo usiku ilikuwa ni kumulika. Zinawasha taa kubwa za kurunzi kuelekea juu, zinapiga mabomu ya mwanga angani, ili rubani akimaliza kupita taa moja aione inayofuata. Kwahiyo Mitscher usiku wa tarehe 16 Mei alikuwa juu, gizani, baridi, chini yake Atlantiki, na kilichokuwa kinamwambia yuko wapi duniani ni taa za meli.

Asubuhi karibu na Azores wakaingia kwenye ukungu. Taa hazionekani tena, meli hazionekani, mafuta yanakwisha. Wakaamua kutua majini ili wapime wako wapi, kumbe mawimbi yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana toka juu, ndege ikaumia, kuruka tena haikuwezekana. Wakakaa pale masaa wakirushwarushwa, watu sita, mpaka meli moja ya mizigo ya Wagiriki inaitwa Ionia ikawaona na kuwaokoa. NC-1 yenyewe ikaja kuzama. NC-3 nayo ilitua baharini ikajiburuza yenyewe juu ya maji zaidi ya maili 200 mpaka bandarini, na NC-4 peke yake ndo ikafika Lisbon tarehe 27 Mei, ya kwanza kabisa kuvuka Atlantiki kwa anga. Mitscher alipewa nishani ya Navy Cross kwa safari ile. Alikuwa na miaka 32 na tayari alishajua kukaa kwenye maji kukoje ukisubiri uonwe.

Miaka ya 20 na 30 sitaki kukaa nayo sana, ni ya makaratasi na vituo, Washington, Pensacola, San Diego, kupanda cheo taratibu. Jambo moja tu, tarehe 11 Januari 1928 ndege ya kwanza kutua kwenye sitaha ya Saratoga ilirushwa na yeye, na Saratoga ilikuwa moja ya meli mbili kubwa za kwanza za ndege za Marekani, kwahiyo pale alikuwepo kitu kikianza.

Oktoba 1941 akapewa meli mpya, Hornet, akiwa kapteni wake wa kwanza. Miezi sita baadaye, tarehe 18 Aprili 1942, kwenye sitaha hiyo hiyo zikaruka ndege za mabomu 16 aina ya B-25, zikiongozwa na Doolittle, kwenda kupiga Tokyo. Mafuta tena! Boti ya doria ya Wajapani iliwaona mapema ikabidi ndege zirushwe kama maili 650 kutoka Japani badala ya kusubiri wasogee, na matokeo yake hakuna hata moja iliyofika kwenye viwanja vya China vilivyopangwa, 15 zilianguka au zikatua vibaya na moja ikaenda Urusi.

Halafu Midway, vita ya meli za ndege za Marekani na za Japani, tarehe 4 Juni 1942. Wanaompenda Mitscher huwa hawataki kukaa hapa, ila mi naona usipokaa hapa humwelewi. Kundi la ndege la Hornet siku ile lilikwenda vibaya karibu kwa kila namna. Kiongozi wao wa angani alishika uelekeo ambao haukuwa na Wajapani, na kiongozi wa ndege za torpedo, John Waldron, akabishana naye redioni kisha akajitenga na watu wake, akawakuta Wajapani kweli, akashambulia bila ulinzi wowote. Ndege zote 15 zikaangushwa, katika watu 30 alipona mmoja, George Gay, aliyeelea majini akiitazama vita. Zile ndege 10 za kusindikiza zilizokuwa upande mwingine ziliruka mpaka mafuta yakaisha zikaanguka baharini zote kumi, na wawili hawakupatikana. Ripoti ya siku hiyo ilitoka Hornet ikiwa moja tu na sahihi yake Mitscher, na mpaka leo wanahistoria wanaivuta huku na huku kwasababu haikai sawa na waliyosema marubani wenyewe. Mi sina cha kumtetea kwenye hilo. Ninachosema ni kwamba alishuka Hornet akiwa amepanda cheo kuwa admirali na nyuma yake kuna kikosi kizima kilichotoka kwenye sitaha yake asubuhi na hakikurudi.

Mwaka 1943 akapelekwa visiwa vya Solomon kusimamia ndege zote za nchi kavu kule, na ni marubani waliokuwa chini yake waliomwangusha Admirali Yamamoto, mkuu wa meli za vita za Japani, tarehe 18 Aprili, mwaka mmoja kamili tangu lile shambulio la Tokyo. Joto na malaria vilimmaliza pale, alikonda akabaki mifupa.

Januari 1944 ndo akapewa kile anachokumbukwa nacho, kundi la meli za ndege lililokuja kuitwa Task Force 58, na baada ya muda mfupi nyota ya tatu. Kuna sheria mpya ilitoka mwaka ule, kwamba admirali ambaye ni rubani lazima mkuu wake wa wafanyakazi awe mtu wa manowari, na kinyume chake. Mitscher akaletewa Arleigh Burke, bingwa wa destroya, zile manowari ndogo za kasi, mtu ambaye hajawahi kurusha ndege. Hakumtaka kabisa. Wiki za mwanzo alimwongelesha kwa shida, Burke anafanya kazi mzee hata hamtazami. Inasimuliwa kwamba siku moja destroya ilisogea ubavuni kuchukua mafuta na Mitscher akamwagiza askari amshike Kapteni Burke mpaka ile destroya iondoke, asije akarukia huko. Wakaishia kuwa watu wasioachana.

Kitu ambacho Mitscher alikipa uzito kuliko maadmirali wengi ni kuwarudisha watu. Marubani wakitua alikuwa anawaita wapande mpaka kwake na suti zao zimelowa jasho, anawauliza mwenyewe wameona nini, sio asubiri karatasi. Na alitaka nyambizi na destroya ziwe zimekaa mahali maalumu kuokota walioanguka. Walipopiga Truk, ngome ya Wajapani visiwani, mwishoni mwa Aprili 1944, nyambizi moja tu, Tang, iliokota wanahewa 22, mingine ikiwa karibu kabisa na mizinga ya Wajapani. Rubani akijua anatafutwa anaruka tofauti. Huwezi kulielewa hilo kama hujawahi kuwa wewe uliye kwenye maji.

Sasa tufike Juni. Wamarekani wanashuka Saipan, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Wajapani, meli za Wajapani zinakuja. Mkubwa wa Mitscher ni Spruance, mtu makini sana ila hakuwa rubani, na usiku wa tarehe 18 Mitscher aliomba ruhusa aelekee magharibi ili alfajiri awe karibu na adui, Spruance akakataa, kazi yetu kulinda wanaoshuka Saipan. Tarehe 19 Wajapani wakarusha ndege zao nyingi kwa mawimbi, wakapoteza zaidi ya 300 kwa siku moja, na nyambizi za Marekani zikazamisha meli zao mbili za ndege, Taiho na Shokaku. Lakini zilizobaki hazikuonekana ziko wapi.

Na hapa kuna jambo la upepo. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, na Wajapani walikuwa magharibi. Kila mara Mitscher akitaka kurusha au kupokea ndege ilibidi ageuze meli zote kuelekea mashariki, yaani anamkimbia anayemtafuta. Siku nzima ya tarehe 19 ilipita hivo.

Tarehe 20, saa kumi kasoro jioni, ndege ya upelelezi ndo ikawaona. Kwa hesabu ya kwanza walikuwa mbali sana lakini wanafikika, kwenda na kurudi, ila kurudi kutakuwa usiku, na wengi wa vijana wale walikuwa hawajafundishwa kutua usiku kwenye meli. Akakubali. Ndege zaidi ya 200 zikaruka kwa haraka ya ajabu. Na zikiwa zimesharuka ikaja taarifa ya kusahihisha, adui yuko maili 60 mbele zaidi ya tulivyosema.

Ile dakika ndo najiuliza kila nikisoma. Angeweza kuwarudisha. Aliipitia ile hesabu upya, akafuta wimbi la pili lisiruke, na walioko juu akawaacha waende. Alijua hesabu ya mafuta kuliko mtu yeyote kwenye lile daraja la kuongozea meli, alijua maana yake, na akawaacha. Kwahiyo mtu akija kuniambia Mitscher alikuwa baba wa marubani namwambia sawa, lakini ni yeye aliyewapeleka. Hayo mawili ni ya mtu mmoja na siku moja, huwezi kuchukua la usiku ukaacha la jioni.

Walishambulia jua linazama, wakazamisha meli ya ndege iliyoitwa Hiyo na meli mbili za mafuta, wakapoteza ndege kama 20, kisha wakageuka. Usiku bila mwezi. Redio ikajaa sauti za vijana, huyu anasema nimebakiwa na galoni kadhaa, yule anauliza tushuke majini wote pamoja ili tuonekane, mwingine anaaga tu anasema nashuka sasa. Zile ndege za mabomu aina ya Helldiver ndo zilikuwa na hali mbaya kuliko zote. Na kule chini meli zimezima taa kama sheria ya vita inavyotaka, maana nyambizi ya adui ikiona taa moja tu imemaliza kazi. Kuitafuta sitaha ya meli usiku ule toka juu ni kama kutafuta kipande cha mkaa ndani ya gunia la mkaa.

Ilikuwa imeshapita saa mbili na nusu usiku. Mitscher alikuwa kwenye meli ya ndege Lexington, pembeni yake Burke. Akatoa amri, washeni taa.

Na sio taa moja. Kurunzi kubwa zikaelekezwa juu zikasimama kama nguzo, taa za sitaha zikawaka, taa za milingoti zikawaka, destroya na manowari nyingine zikaanza kupiga mabomu ya mwanga yanashuka polepole. Bahari nzima ikang'aa. Halafu wakaambiwa tueni kwenye meli yoyote, achana na meli yako, popote utakapoona nafasi. Kulikuwa na vurugu kubwa, watu wanatua wawili kwa pamoja, wanakataliwa na bado wanashuka kwasababu mafuta hayapo ya kuzunguka tena, kwenye Lexington yenyewe ndege moja ilishuka kwa nguvu ikagonga zilizokuwa zimeegeshwa na watu wakafa. Wengine waliona mwanga wa destroya wakadhani ni meli ya ndege. Takriban ndege 80 ziliishia majini au zikavunjika sitahani, mara nne ya zilizopotea kwa adui. Usiku kucha na siku iliyofuata destroya zilikuwa zinaokota watu mmoja mmoja, na Mitscher akazipeleka meli polepole kufuata njia ile ile waliyorudi nayo ndege ili asiachwe mtu. Mwisho wa hesabu waliopotea kabisa ni 49.

Wapo wanaosema kundi la Admirali Clark lilishawasha taa kabla ya amri ya Mitscher. Inawezekana kabisa na wala hainisumbui, Clark naye alikuwa rubani. Ndicho ninachokisema toka mwanzo. Aliyewahi kuwa juu gizani akitafuta taa za meli, hatumii muda mrefu kuamua jambo kama lile, na Mitscher aliwahi kuzitafuta mwaka 1919, tena akazikosa. Lile zoezi la kurunzi na mabomu ya mwanga ndo lile lile la njia ya Azores. Sijakuta mahali ameandika kwamba aliikumbuka NC-1 usiku ule, hakuwa mtu wa kuandika mambo yake, lakini ukiziweka safari mbili pembeni kwa pembeni naona vigumu kusema hazijuani.

Vita haikumwacha. Aprili 1945 ndege zake zilizamisha Yamato, manowari kubwa kuliko zote duniani. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Mei, kamikaze wawili, marubani wa Japani wa kujitoa mhanga, waliipiga meli ya ndege Bunker Hill aliyokuwemo, karibu watu 400 wakafa, wengine ni wa ofisi yake mwenyewe, chumba chake kikaungua na kila alichokuwa nacho. Akahamishiwa Enterprise. Siku tatu baadaye Enterprise nayo ikapigwa, akahamishiwa Randolph. Wakati huo alikuwa amedhoofika kiasi kwamba kupanda ngazi za meli ilikuwa shida, anasaidiwa.

Baada ya vita waziri wa jeshi la majini, Forrestal, alimpa nafasi ya juu kabisa, awe mkuu wa shughuli zote za jeshi la majini. Akakataa, ofisi ya Washington hakuitaka, akaomba meli, akapewa na nyota ya nne, na akafia kazini Norfolk tarehe 3 Februari 1947, akiwa na miaka 60 tu. Moyo. Ukiangalia picha zake za mwisho ungempa 80. Kiti kile alichokikataa alikuja kukikalia Burke mwaka 1955, yule mtu wa destroya ambaye mwanzoni hakutaka hata kumtazama, na Burke alikaa nacho miaka 6.